Maji Yako Karibu

1

Mlango wa nyumba namba 118 ulifunguka saa tisa na dakika kumi alasiri, mto Ngwasi ukiwa umeshafika kifuani mwa mtu mzima, na Injinia Dionis Kobelo aliuona ukifunguka. Yeye mwenyewe alikuwa pakavu, kilimani, ndani ya chumba cha ulinzi, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, anatazama kioo kikubwa chenye taa ndogo mia mbili na nne. Taa ya 118 ilitoka kijani ikawa nyekundu. Alidhani imeungua.

"Hiyo nini?" aliuliza Mama Nyangasa, mkuu wa chumba.

"Taa tu, Mama. Nitaibadilisha."

"Taa gani inayopima maji? Soma hapo chini. Maji ndani, nusu mita. Mita moja. Kobelo, weka hicho kikombe!"

Nyumba za Bonde Jipya ziliitwa nyumba ziba, na kwa haki ya Mungu zilikuwa nzuri. Mvua zilipoacha kujua masika ni lini na vuli ni lini, zikawa zinanyesha zinapojisikia, watu walichoka kuhamahama na magodoro kichwani. Wakajengewa nyumba za kukaa humo humo mafuriko yakija. Ukuta mzima bila ufa, madirisha ya kioo kinene, bomba la pumzi linalochungulia juu kabisa ya paa, na mlango wa chuma unaopanda na kushuka. Mto ukipita alama ya tatu kwenye nguzo, milango yote inajishusha yenyewe. Aliye ndani anakaa, anasali, anapiga soga. Maji yanampitia dirishani na hayamgusi. Sharti ni moja: mlango usifunguliwe ovyo. Ukifunguliwa maji yakiwa magotini si neno, utajishusha tena na pampu itatoa kilichoingia. Yakishapita kiuno mlango hauna ubavu wa kuyasukuma, na ukifunguka ndiyo basi.

Kila mlango ulikuwa na sikio lake, linalojua sauti za wenye nyumba, wakubwa kwa wadogo, na linalojua neno moja tu. Kiwandani lilikuja na neno "fungua". Siku ya mkutano wa wakazi akina mama wakaja juu. Mgeni amepiga hodi, wewe unamjibu "fungua"? Hayo si maneno ya polisi? Kobelo akasimama, akavuta koti, akasema neno litakuwa "karibu". Mtu atapiga hodi, mwenye nyumba ataitikia kama alivyofunzwa na mama yake, na mlango utapanda. Alipigiwa makofi na vigelegele mpaka akashindwa kukaa. Kichwa kilimvimba mwezi mzima.

Halafu vituko vikaanza. Mlango umefunguka mama mmoja aliposema Krismasi iko karibu. Mlango umefunguka mzee mmoja aliposema amebakiwa na karibu nusu gunia la mchele. Watu wakaenda kumwambia Kobelo, naye akacheka. "Mlango wenu mkarimu," aliwajibu, "mshukuruni." Nalisema hili wazi kwa sababu wapo mpaka leo wanaomwonea huruma. Aliambiwa. Aliambiwa mara nyingi, akaona ni mzaha, na hakuandika hata mstari mmoja.

Mama Nyangasa alibonyeza ili wasikie kilichonaswa 118. Ilikuwa sauti ya Mama Severine, mke wa fundi cherehani, akimwita mumewe aje dirishani.

"Baba Seve, hebu njoo uone! Jamani, maji yako karibu!"

Kikafuata kile kimlio laini, ting, ambacho mlango hutoa unapompokea mgeni. Baada ya hapo zilikuwa kelele, na baada ya kelele yalikuwa maji peke yake.

Mama Nyangasa aliomba irudiwe. Kobelo hakuwa na haja ya kurudia. Mtaa mzima wakati ule ulikuwa madirishani unatazama mto ukipanda, na watu wanaotazama mto ukipanda husema neno hilo hilo.

2

"Ziba masikio ya milango," Mama Nyangasa alisema.

"Yote?"

"Huwezi kuziba ya Mtaa wa Chini tu, kule maji yalikozidi?"

Hakuweza. Swichi ilikuwa moja, chini ya kifuniko cha plastiki, na ni yeye aliyeichora hivyo: masikio yote au hakuna. Tena yakishazibwa hayazibuki mpaka mto urudi chini ya alama ya kwanza, kwa sababu aliogopa watu wa zamu wasije wakaichezea. Chumba kingeendelea kusikia kila nyumba, lakini mlango usingemtii mtu.

Alifunua kifuniko. Simu ikaita. Alikuwa Sabina, mkewe, aliyekwenda msibani ng'ambo ya mto tangu asubuhi. Mtoto wao Tekla, mwenye miaka tisa, alikuwa nyumbani peke yake, namba 43.

"Baba Tekla, niko hapa kwenye kivuko. Hii nguzo inanipigia kelele."

"Inasemaje?"

"Eti maji yako magotini na yanatembea, nigeuze gari. Lakini fuso limepita sasa hivi mbele yangu."

"Fuso ni fuso! Hako kagari kako kanaelea kwenye maji ya magoti, nimekwambia mara ngapi? Geuza. Rudi juu, ukakae shuleni na wenzio."

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko ndani, mlango umeshuka, hana shida yoyote."

"Ana miaka tisa, Dionis." Sabina alikuwa hamwiti kwa jina ila akikasirika. "Yuko peke yake, maji yanampandia dirishani. Mimi napita."

Akasikia injini. Akasikia nguzo ya barabarani ikirudia, geuza gari, geuza gari, kwa ile sauti ya upole ambayo madereva wote walikuwa wanaitukana. Kisha injini ikakohoa na kunyamaza.

"Limezima," Sabina alisema. "Mungu wangu, linageuka lenyewe."

"Shusha kioo utoke! Usihangaike na mlango, hautafunguka! Toka dirishani!"

Palikuwa na purukushani, maji, pumzi. Kobelo alisimama wima, amefumba macho. Mama Nyangasa alikuwa ameinamia kioo na redio sikioni, anapokea habari za Mtaa wa Chini, hakusikia kitu.

"Nimetoka," Sabina alisema hatimaye, meno yanagongana. "Nimeshika kingo za kivuko. Niko upande wa kwetu. Nakuja kwa mguu, nafuata ukuta."

"Usitembee kwenye maji, Mama Tekla, hujui mtaro uko wapi! Panda kwenye jukwaa la tangi hapo sokoni, watu wako pale."

"Dakika tano nimefika. Nikipiga hodi Tekla ataitika, basi."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno mawili tu: mlango hautafunguka. Sabina angepanda kwenye tangi, angekaa pale na kulowa na kulia, na angekuwa hai. Kobelo hakusema, kwa sababu alikuwa ameshaamua moyoni kwamba atamsubiri. Simu ikakatika, na alipopiga tena haikupatikana.

"Vipi, umeziba?" Mama Nyangasa aliuliza.

"Mama, naomba tufikirie. Kuna watu thelathini na mmoja hawajaingia nyumbani, wako njiani. Tukiziba tumewafungia nje."

Ilikuwa kweli kabisa, ndiyo maana uongo wake ulipita vizuri. Mama Nyangasa alisita. Alikuwa mwanamke wa haki, na neno "tumewafungia nje" lilimchoma.

"Sasa tufanye nini?"

"Tuwatangazie wasilitamke hilo neno. Wewe sema tu, milango haiijui sauti yako."

Mama Nyangasa akachukua kipaza sauti kinachofika ndani ya kila nyumba. Alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika. "Wakazi wote, hapa chumba cha ulinzi. Zimeni umeme kwenye swichi kuu. Pandeni juu ya meza au vitanda, msiguse maji yoyote mtakayoyaona ndani. Na sikilizeni sana: mtu yeyote asitamke neno karibu. Milango itafunguka. Narudia, asitamke."

Kobelo alitazama saa ya ukutani. Dakika moja ilipita. Nyumba mbili za Mtaa wa Juu, ambako maji yalikuwa bado magotini, zilifunguka na kujifunga. Wenyewe wamefika, wameingia salama. Akajiambia unaona, nilisema. Dakika ya pili ikapita.

Katika nyumba namba 67, Mtaa wa Chini, alikaa Mwalimu Lukwele, mstaafu, na mkewe, na wajukuu watatu, na mama yake mzazi ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa siku nyingi. Kwenye chumba cha ulinzi walimsikia yule bibi akiuliza.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tutulie, mama."

"Eh? Wamesema nini?"

"Tutulie, mama!"

"Sema vizuri, mbona unaninong'oneza? Mimi si mtu humu ndani?"

Na Mwalimu Lukwele, mtoto mwenye adabu tangu kuzaliwa kwake, akainama kwenye sikio la mama yake na kupaza sauti.

"WAMESEMA TUSISEME KARIBU!"

Ting.

Mama Nyangasa alipiga ukelele. Kobelo alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, jicho liko kwenye saa. Dakika ya tatu. Sabina atakuwa amepita kanisani, alijiambia. Atakuwa anapinda kona.

"Ziba, Kobelo!"

"Nusu dakika, Mama, nusu tu."

"Nusu dakika ya nini?"

Ndipo ikasikika namba 90, sauti nyembamba ya mtoto anayeuliza kama watoto wote wanavyouliza. "Mama, kwa nini tusiseme karibu?"

Ting.

Kobelo akabonyeza swichi. Hakuna aliyemshika mkono. Taa zote zilizobaki, mia mbili na moja, zikageuka buluu. Dakika nne alizomsubiri Sabina ziliua watu kumi na mmoja, nami nimehesabu wale wa ndani tu.

3

"Hodi!"

Ilikuwa dakika moja baadaye. Sauti ilitoka namba 43, imechoka, inahema, lakini ina furaha ya mtu aliyefika.

"Mama!" Tekla aliruka. "Karibu, mama!"

Hakuna kilichotokea.

"Karibu! Karibu mama! Karibu!"

"Tekla, rudia, mlango haujasikia," Sabina alisema kwa nje. "Maji yananifika mapajani."

"Karibuuu!"

Mama Nyangasa alisoma namba kwenye kioo, kisha akamgeukia Kobelo polepole. "Arobaini na tatu ni kwako."

Kobelo aliirudishia ile swichi kifuniko chake.

"Huyo ni mkeo. Ulijua anakuja?"

Hakujibu, na kule kutojibu kulimtosha Mama Nyangasa. Alizikumbuka zile nusu dakika alizoombwa. Akaikumbuka namba 67 na bibi yake. Akanyanyua kile kipaza sauti na kumbandika nacho kifuani.

"Sema naye. Mtoto atamfikishia. Mwambie arudi kwenye tangi wakati bado anaweza. Mwambie!"

Kobelo alikishika. Aliponyanyua mkono kukiwasha vidole vilikataa. Angesema nini? Kwamba ni yeye aliyeuziba mlango? Kwamba alijua tangu kwenye kivuko? Alisimama na kile kidude mdomoni, anatoa jasho, na dakika zilizobaki zikapita hivyo hivyo. Mama Nyangasa alipomnyang'anya maji yalikuwa yameshapita kiuno, na huko nje mtu hakuwa na pa kwenda. Paa la nyumba ziba lilikuwa laini kama sahani, halina pa kushika. Kobelo alilichora hivyo ili takataka za mto ziteleze.

Sabina alikuwa ameacha kugonga. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imetulia, ile ya mama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Tekla, mwanangu, basi. Acha kuita. Nisikilize."

"Nije nivute mlango?"

"Usije. Umezima swichi kuu?"

"Nimezima."

"Vizuri. Usiguse friji, usiguse waya wowote. Panda juu ya meza, kaa chini ya bomba la pumzi. Chukua na lile blanketi la bluu. Ukisikia njaa kuna mihogo kwenye hotipoti."

"Na wewe?"

"Mlango umeharibika tu. Baba yako atakuja kuutengeneza, si unamjua? Kaa juu ya meza, Tekla. Usishuke mpaka umuone baba."

"Mama, nikisema kwa nguvu zaidi?"

Hakujibiwa. Tekla alingoja kidogo, halafu akaita tena, na tena, kwa nguvu zaidi, akinyoosha neno, akilikata, akilijaribu kwa kila namna aliyoijua. Mama Nyangasa alitaka kuzima ile sauti akashindwa, aliona ni dhambi kumwacha mtoto aseme peke yake. Kobelo alikaa sakafuni na kuisikiliza mpaka ikamkauka mtoto kooni.

4

Mto ulishuka chini ya alama ya kwanza asubuhi, jua limeshatoka. Milango mia mbili na moja ilipanda kwa pamoja, na watu wakatoka kwenye tope wakipapasana nyuso, wanaitana majina. Wengi wa wale thelathini na mmoja walikutwa hai, juu ya tangi la sokoni na kwenye ghorofa ya shule, wale walioisikiliza nguzo wakageuza magari. Tisa hawakukutwa hai. Sabina alikuwa kwenye ua wa michongoma, nyumba ya tatu kutoka kwake, kanga imenasa.

Kobelo aliteremka kilimani na Mama Nyangasa nyuma yake. Watu walimpisha. Wengine walimshika mkono, wakamwambia bila nyumba zako, Injinia, tungekwisha wote. Mbele ya namba 43 palikuwa pamejaa. Alikuwepo Gaspa, kaka yake Sabina, aliyekuja na wanaume wanne wamembeba dada yake kwa machela. Walikuwepo ndugu wa Mwalimu Lukwele, ambao walikuwa bado hawajaelewa, wanauliza kila anayepita ni nani aliyefungua mlango wa mwalimu na kwa nini.

Tekla alikuwa bado juu ya meza. Kobelo alimbeba akamtoa nje, na mtoto akamshika shingo kwa nguvu. Alimwona mama yake pale chini, amefunikwa. Hakulia. Alikuwa na jambo lake la kuuliza, na alikuwa amekesha nalo.

"Baba," alisema, sauti imekwaruzika haisikiki vizuri, "mimi nilisema karibu. Mama alipiga hodi nikasema karibu. Mbona mlango haukufunguka?"

Gaspa alisogea. "Ndiyo, shemeji," alisema, "na sisi tunataka kujua. Mlango ulikuwaje?"

Mama Nyangasa alimkazia macho Kobelo. Alikuwa anampa nafasi, mwanamke wa haki yule, akiamini kwamba hakuna baba duniani atakayeikataa.

"Nilisema kwa sauti ndogo?" Tekla aliuliza.

Kobelo aliwatazama ndugu wa Lukwele. Akamtazama Gaspa na mikono yake mikubwa. Akamtazama mtoto.

"Ndogo kidogo, mwanangu," alisema. "Mlango haukukusikia."

Tekla aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa analijua. Akaachia shingo ya baba yake. Mama Nyangasa akafumba macho na kugeuka, maana akisema sasa angesema mbele ya mtoto, juu ya maiti ya mama yake, na hakuwa na moyo huo.

Akina mama ndio waliokuwa wa kwanza kumsogelea. Mmoja alimpangusa uso kwa ncha ya kanga, akamwambia usijali mwanangu, wewe bado mdogo, sauti ungeitoa wapi. Mwingine akamwambia hakuna anayekulaumu. Gaspa alipiga magoti topeni, mbele ya mpwa wake, akilia machozi, akamwambia amemsamehe na mama yake huko aliko amemsamehe. Walipita mmoja mmoja kumpa mtoto msamaha, na Kobelo akiwa amembeba, akawa anawaitikia kwa niaba yake: ahsanteni, ahsanteni sana.